Gango

Musallam amerudi mara ya tatu na pikapu yake,
taa za nyuma zimekufa tena.
Hakunitukana. Alizima injini tu,
akashuka, akaniachia kazi ya kutazamana na ngamia wake wa mbio,
aliyepigishwa magoti nyuma, kamba gotini,
ananiangalia kama shahidi anayeujua uwongo wangu.

Sanaiya ya Ibra, saa nne asubuhi,
spana iliyolala juani huishiki bila kitambaa.
Niliingia chini ya bodi kwa mgongo,
mchanga wa Badiya ukinimwagikia kooni,
nikaitafuta kazi yangu ya mwezi wa Shaabani.

Niliikuta. Inang'aa bado!
Lehemu imetulia juu ya shaba kama ushanga wa fedha,
haina ufa, haina kutu,
ungeweza kuivisha shingo ya bibi harusi.
Waya umekatika pembeni yake,
upana wa punje ya mchele kutoka pale lehemu inapokoma.
Nyuzi kumi na sita, mmoja baada ya mmoja,
usiku, gizani, bila hata cheche ya kuaga.

Kumbe fundo halikushindwa.
Fundo lilikuwa gumu mno.
Nililinywesha lehemu hadi likawa mfupa,
kisha nikauacha mfupa ukining'inia kwenye nyama laini ya waya.
Na njia ya changarawe haina haraka,
inatikisa,
inatikisa,
inakunja pale pale
kigumu kinapokutana na kinachopinda.

Biju wa gereji ya pili aliinama, akachungulia,
akasema kwa Kiarabu chake cha spea na bei:
"Umeunga vizuri. Nani anaushika mkono?"
Mkono! Sisi nyumbani tunasema kuunga mkono,
na miaka yote nilidhani ni maneno ya mikutano.

Nilipokuwa na miaka tisa nilivunjika mkono huu.
Walinifunga gango kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko,
nami nalia, nimevunjika hapa tu, hapa,
mbona mnanifunga na kule kuzima?
Shangazi Thuwaiba, katoka zamu ya usiku hospitali,
viatu bado mguuni, alinijibu akipiga miayo:
"Palipovunjika pana watu wa kupatazama.
Mimi naogopa jirani yake."

Basi nikakata hadi kwenye shaba safi.
Nikavisha mrija kwanza
(mara ngapi nimeusahau, nikaunga, nikaukuta mezani unanicheka).
Nikasokota, nikatia lehemu kidogo,
nikaondoa pasi kabla haijapanda chini ya ngozi ya waya.
Mrija nikausogeza, ukavuka fundo pande zote mbili,
nikaupasha mpaka ukasinyaa, ukakumbata,
gundi yake ikatoka jasho mdomoni.
Kisha tepu. Kisha waya ukalazwa na wenzake,
kibano huku, kibano kule kwenye chasisi,
na karibu na bawaba ya mlango nikaacha ulegevu,
ulegevu wa makusudi,
kwa sababu mlango lazima ufunguke.

Nilipiga kibano kwa ngumi. Hakikutikisika.
Taa ziliwaka, nyekundu, juu ya mavumbi.
Pesa nilizikataa. Musallam alizirudisha mfukoni bila kubembeleza:
"Nikija mara ya nne, ngamia ndiye atakayezungumza nawe."

Akaondoka.
Nami nikabaki na pasi inayopoa,
nikiwaza ushanga wangu wote uliotapakaa huko nje:
basi dogo la shule la Bi Ghaniya,
lori la maji la Mudhaibi,
ile Landkruza ya Zahran inayopanda milima kila Ijumaa,
mafundo mazuri, yamening'inia, yanang'aa,
hayana wa kuyashika.

Nilifungua daftari. Nikavuta simu.
"Halo. Gari lako halina tatizo.
Bado.
Lilete."